Unapita Houston kwenda Mexico? Viza ya Mexico peke yake haitoshi

Mkuu, umeuliza kama viza ya Mexico inatosha kwa sababu pale Houston, Marekani, utakaa masaa manne tu na hutoki nje ya uwanja. Haitoshi. Naandika kwa urefu kidogo maana hilo neno "sitoki nje" ndo liliniponza mimi, na sitaki likuponze na wewe.

Nilikuwa naenda São Paulo, tiketi inapita Frankfurt, afu Lisbon, afu ndo Brazil. Viza ya Brazil ninayo, hela nishalipa, na nilishasoma kwamba nchi yangu haimo kwenye ile orodha ya wanaotakiwa viza ya transiti ya uwanjani (ya kubadilisha ndege bila kutoka nje ya uwanja) huko Schengen, zile nchi za Ulaya zilizoungana mipaka, basi nikawa sina wasiwasi kabisa. Nafika kaunta, begi lishapimwa na lishafungwa ile karatasi yenye jina kwenye mkono wake, dada wa kaunta akawa anafungua pasipoti ukurasa mmoja mmoja, akafika mwisho, akarudi mwanzo, akapitia tena, ndo akaniuliza kwa upole tu viza ya Schengen iko wapi. Nikamjibu sitoki nje mimi. Akanigeuzia skrini nisome mwenyewe. Kumbe Frankfurt kwenda Lisbon inahesabika safari ya ndani, zile nchi 29 za Schengen zenyewe kwa zenyewe hazina uhamiaji katikati, kwa hiyo unahesabika umeingia Frankfurt na umetoka Lisbon, na ukishaitwa umeingia lazima uwe na viza kamili, hata hiyo ya transiti ya uwanjani isingenisaidia kitu. Akaichana ile karatasi, akanishushia begi. Mahafali ya dada yangu niliyaangalia kwenye simu.

Na yule dada wa kaunta sina kinyongo naye. Wanasoma kwenye mfumo unaitwa Timatic, wa IATA (chama cha mashirika ya ndege duniani), unaingiza pasipoti ya nchi gani, unatua wapi na wapi, unakupa jibu, na shirika likimbeba mtu asiye na hati linapigwa faini na kumrudisha linamrudisha lenyewe. Hawezi kukuonea huruma hata akitaka.

Sasa turudi kwako. Marekani hakuna kupita tu. Zamani ulikuwepo utaratibu wa kupita bila viza, ukasimamishwa mwaka 2003, na tangu hapo kila anayetua pale anapita uhamiaji kwanza hata kama ndege yake nyingine iko geti la jirani. Kwa hiyo unahitaji viza ya C-1 ambayo ni ya wapitaji, au ile ya kutembelea B1/B2, au ESTA (kibali cha kuombea mtandaoni badala ya viza) kama pasipoti yako ni ya nchi zinazoruhusiwa. C-1 inajaziwa fomu ile ile ya DS-160 kama ya kutembelea na kwa kawaida kuna usaili, sio kitu cha kupata wiki ya safari. Tena ujue ukiwa na viza ya Marekani ya kutembelea iliyo hai, Mexico wenyewe wanakuruhusu kuingia kama mtalii bila viza yao.

Kanada nao wanataka viza ya transiti, ila ile ni bure. Uingereza inategemea kama utapita mpaka wao au utabaki ndani ya uwanja, na hapa watu wanasahau kwamba kutua Heathrow na kuondokea Gatwick ni kupita mpaka, hakuna njia ya ndani kati ya viwanja hivyo.

Kingine kikubwa, hukusema kama tiketi ni moja au mbili, na hili angalia leo hii. Tiketi mbili tofauti mara nyingi begi halipelekwi mpaka mwisho, inabidi ulifuate lilikoshukia, na kulifuata ni kupita uhamiaji, kwa hiyo hata nchi ambayo ingekuruhusu kukaa ndani ya uwanja bila viza inageuka ya kuhitaji viza kwa sababu ya begi tu. Na safari ya kurudi nayo ina transiti yake! Mimi nilipoomba Schengen baadaye nilijaza kuingia mara moja, bahati yangu niligundua kabla sijaipeleka ile fomu, maana kwenda ningeingia mara moja na kurudi ningeingia tena.

Kama tiketi yako bado inabadilishika, badilisha njia mkuu. Ziko ndege za moja kwa moja kwenda Mexico City kutoka Madrid, Paris na Amsterdam. Ila gusa uwanja mmoja tu wa Schengen, tiketi iwe moja, na angalia kama nchi yako imo kwenye ile orodha niliyoitaja juu. Ukishapata njia mpya, kabla hujalipa, wapigie shirika uwatajie kila unapotua kwenda na kurudi.