Nusu siku Lamu: anzia Nyumba ya Kiswahili, jumba la ufukweni lingoje

Mleta mada umeuliza kama nusu siku inatosha kuyaona makumbusho ya Lamu, na uanzie wapi. Inatosha. Tatizo ni kwamba wageni wengi huanza na jumba la ufukweni, jengo kuu la makumbusho, kwa sababu ndilo la kwanza kuonekana ukishuka kwenye boti. Wanakuta viti, vitanda na siwa (baragumu kubwa za heshima), wanapita mbio, wanatoka bila kujua vitu hivyo vilikaa wapi na kwa nini. Anza na Nyumba ya Kiswahili, ile ya karne ya 18 iliyo ndani mitaani. Ukishaielewa nyumba, kila kitu cha jumba la ufukweni kina mahali pake.

Pale usikimbilie vyumbani. Simama kwanza kwenye daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili. Mgeni wa kawaida aliishia hapo. Ukivuka mlango unakutana na kona, kwa hiyo anayepita njiani haoni kiwanda (ndivyo Walamu wanavyouita ua). Kutoka kiwandani unaingia msana wa tini (ukumbi mrefu mwembamba wa chini), halafu msana wa yuu (wa juu), halafu chumba kiitwacho ndani, na sakafu inapanda kidogo kila unapoingia chumba kipya. Kadiri unavyopanda ndivyo faragha inavyozidi: vyumba vya nyuma kabisa ndimo mama alimojifungulia, na humo humo maiti alioshwa.

Pima upana wa msana kwa hatua. Ni mita 3 au pungufu, ilhali urefu wake ni mkubwa, na wengi hudhani mwenye nyumba alikosa kiwanja. Sababu iko juu ya kichwa chako: dari la mawe na chokaa limebebwa na boriti za mikoko, na boriti ikizidi urefu huo hupinda kwa uzito. Ndiyo maana nyumba kubwa za Lamu ziliongeza vyumba kwa kuvipanga kimoja nyuma ya kingine, badala ya kuvipanua.

Zidaka, vile vishubaka vya plasta ukutani, ndiyo kazi ya sanaa iliyo bora kuliko zote mle, na ndiyo inayopigwa picha vibaya kuliko zote. Ndani kuna giza. Ukiwasha mwanga wa kamera usoni pa ukuta, nakshi yote inalala bapa. Zima mwanga huo, washa tochi ya simu na uishike ubavuni, karibu na ukuta, mwanga upite juu ya nakshi: kina cha kila mchongo kitajitokeza. Usishike plasta kwa mkono. Ni chokaa, inafyonza mafuta ya ngozi, na doa lake halifutiki.

Kabla hujatoka chungulia birika la maji. Zamani walifuga humo visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na chini walijengea bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kuishi. Mwongozaji asipolitaja, muulize.

Sasa shuka ufukweni. Njiani tazama milango ya watu: nguzo ya katikati panapokutana mabamba mawili huitwa mfaa, na mara nyingi ndiyo yenye nakshi nzito kuliko sehemu nyingine. Katika jumba lenyewe, muda wako mwingi uwe kwenye siwa mbili, ya Pate, kisiwa jirani, ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba. Tafuta tundu la kupulizia: liko ubavuni, si nchani. Zilipulizwa kwenye harusi na shughuli za wakubwa, kwa hiyo usizitazame kama ala ya muziki tu. Aliyekuwa na haki ya siwa alikuwa na haki ya mji. Kisha nenda kwenye mfano wa mtepe, chombo cha baharini cha zamani. Mbao zake zimeshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, na tanga lake lilikuwa jamvi. Kwenye kiti cha enzi, angalia ulivyosukwa mgongo na pa kukalia ndani ya fremu ya mpingo.

Ngome iache mwisho. Ilikamilika 1821, baada ya Walamu kuwashinda Pate na Mazrui, watawala wa Mombasa, pale Shela, na ilikuwa gereza mpaka 1984. Panda juu uone mji ulivyobanana. Ukibakiwa na muda, makumbusho ya Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi 1888 hadi 1891, ni madogo, yanamalizika haraka.

Malipo: tayarisha simu na akaunti ya eCitizen (tovuti ya serikali ya Kenya ya huduma na malipo) mapema, usitegemee noti mlangoni. Beba kitambulisho; mwananchi na mgeni hawalipi sawa, na bila kitambulisho utahesabiwa mgeni. Ukitua kwa ndege kisiwani Manda au ukifika Mokowe, upande wa bara, kwa basi, bado kuna boti ya kuvuka, ihesabu kwenye muda wako. Anza asubuhi mapema, maana mchana vyumba vina joto. Ijumaa uwe umemaliza kabla ya adhuhuri. Vaa nguo ya kusitiri mabega na magoti. Na vichochoroni, punda mwenye mzigo wa mawe akija, hatoi njia: ingia kwenye daka la karibu, mpishe.