Shangazi, nimenunua DLC mke akaenda kwao

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 32, nina duka la vifaa vya simu hapa Mtwara mjini, mke na mtoto mmoja wa miaka mitatu. Sinywi, sivuti, sina mchepuko. Starehe yangu ni PS4 tu, mashine ya gemu, tena nachezea nyumbani. Mwezi huu wa nane nilinunua DLC, yaani nyongeza ya gemu inayopakuliwa mtandaoni, ya gemu la Elden Ring, ile Shadow of the Erdtree, na pakiti chache za wachezaji kwenye EA FC, gemu la mpira. Kadi za kulipia kwenye duka la mtandaoni la PS4 nilizipata kwa jamaa wa Dar, nikamtumia hela kwa simu. Jumla haikufika laki mbili. Gemu lenyewe sijafika mbali, ila nilitaka DLC niwe nayo kabisa. Mke alipoona ujumbe wa muamala alinyamaza siku mbili, halafu akambeba mtoto akaenda kwao Newala, eti kuangalia shamba. Nilikuwa nimemwambia hela ya petroli na kibarua wa kupuliza dawa mikorosho isubiri kidogo. Sasa mjomba wake amenipigia, ananiita. Shangazi, hela ni yangu, natafuta mwenyewe. Niambie: DLC inafaa kununuliwa au haifai? Na mke asiyeheshimu starehe ya mumewe anafundishwaje?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa nyumba kuwa kimya. Mtu aliyezoea kukanyagwa mbavu na mtoto usiku, akilala peke yake kitanda humkataa. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako imeingia kwenye simu yangu saa tisa kasoro usiku. Mke hayupo, mjomba anakuita, na wewe uko macho saa hizo. Sitakuuliza ulikuwa unafanya nini.

Swali la DLC nitalijibu kwa haki, kwa sababu sipendi kulaani kitu nisichokijua. Mjukuu wangu ana banda la gemu huko Ligula, nikamwita akae anieleze mpaka nielewe. DLC za maana zipo. Gemu la The Witcher 3 lilipata nyongeza yake ya Blood and Wine mwaka 2016, yenye nchi mpya na hadithi yake, na wachezaji wengi wanaihesabu kama gemu jingine zima. Hiyo uliyonunua wewe, iliyotoka Juni 2024 kwa dola 40, nayo ni kazi kubwa ya watu. Aliyeimaliza Elden Ring na bado ana kiu, akainunua kwa hela isiyosubiriwa na kitu kingine, hajaibiwa. Zipo na za kupuuza. Mwaka 2006 gemu la Oblivion liliuziwa deraya ya farasi kwa dola mbili na nusu, watu wakalalamika dunia nzima, na bado wapo walionunua. Mwenye subira naye hupata kwa unafuu: Witcher hiyo hiyo iliuzwa pamoja na nyongeza zake zote mwezi Agosti 2016, miezi mitatu tu baada ya ile ya mwisho kutoka.

Tena ujue tofauti ya CD na DLC. CD ukiichoka unaiuza, au unabadilishana na mwenzako. DLC imefungwa kwenye akaunti yako, haiuziki wala hairithiwi. Na kwenye PS4, CD ya Ulaya haisikilizani na DLC ya duka la Marekani, na vijana wengi wameumia hapo kwa kununua kadi bila kuangalia CD yao imetoka wapi.

Sasa tuje kwako. Umeandika mwenyewe kwamba gemu hujafika mbali. Nilipomsomea mjukuu wangu mstari huo alishika kichwa. Mlango wa Shadow of the Erdtree haufunguki mpaka uwe umewaua Radahn na Mohg, maadui wawili wakubwa, kwenye gemu lenyewe. Wewe bado uko mwanzoni. Umenunua ufunguo wa nyumba ambayo hujafika hata kijijini kwake. Gemu hilo lina nini ambacho kisingesubiri mwaka mmoja?

Pakiti za wachezaji ndizo zimenikera zaidi, nawe umezipitisha haraka kwenye barua, neno "chache" tu, ukaenda zako. EA FC hutoka upya kila mwaka mwishoni mwa Septemba. Wachezaji uliowanunua kwenye Ultimate Team, ile sehemu ya kujiundia timu, hawahami kwenda toleo jipya. Kwa hiyo umewanunua Agosti watu watakaokufaa mwezi mmoja na siku kidogo. Halafu pakiti unainunua bila kujua ndani kuna nani. Ubelgiji waliamua mwaka 2018 kwamba biashara ya namna hiyo ni kamari, na kampuni yenyewe ya EA ikaacha kuuza pointi zake za kununulia pakiti kule mwanzoni mwa 2019. Usiniambie huchezi kamari. Unacheza, sebuleni, mtoto akiwa pembeni yako. Na hakuna anayenunua pakiti chache. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya sentensi moja uliyoifukia katikati ya barua: hela ya petroli na kibarua isubiri kidogo. Mwanangu, wewe ni mtu wa Mtwara kweli? Mkorosho ukitoa maua, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, hauendi likizo. Unashika maua na majani machanga, ua linakauka, na ua likikauka hakuna korosho ya kupeleka ghalani, hakuna mnada wa Oktoba, hakuna hela inayoingia benki. Salfa, dawa yake, ndani ya mfuko haijipulizi yenyewe, inataka bomba, na bomba linataka petroli na mtu wa kulibeba mgongoni asubuhi na mapema kabla ya upepo. Mkeo aliomba hela ya mafuta katika wiki ambazo mkorosho hauna subira. Wewe ukaituma Dar kwa ajili ya wachezaji watakaokufa kabla korosho ya kwanza haijaanguka.

"Eti kuangalia shamba." Hilo neno eti ulifute. Amekwenda kuangalia shamba kweli, kwa sababu mwenzake amelitelekeza.

Na "hela ni yangu, natafuta mwenyewe." Shamba liko kwao Newala, na anayekuita ni mjomba wake. Sisi watu wa huku tunajua maana yake: ni shamba la upande wa mama. Duka lako hukusema mtaji ulitoka wapi. Mwanamume aliyefungua duka kwa jasho lake peke yake hulisema hilo kabla hata ya kutaja umri wake. Wewe umetaja pombe, sigara na michepuko, mtaji umeuruka. Mimi naamini kuna msimu mmoja wa korosho za mke ndani ya makabati yale ya vioo. Kama nimekosea, niandikie unisahihishe.

Nimechoka na hesabu hii ya wanaume wa sasa: sinywi, sina mchepuko, basi nidaiwe nini? Tangu lini ndoa ikawa kukwepa dhambi mbili halafu nyingine zote ziwe halali? Zamani mtu akitoka jandoni alikuwa amefundishwa kwamba chakula cha nyumba ni chake kukitafuta na siri ya hela si yake peke yake. Na binti zetu wa unyagoni siku hizi siwatetei wote, maana wapo wanaokopa vikoba vitatu mume hajui hata kimoja, wanakopa cha huku walipe cha kule, na siku wakija kudaiwa mlangoni ndipo mume anaambiwa. Wote ni ugonjwa mmoja. Kila mtu ana simu yake, namba yake ya siri, dunia yake. Watu wawili wanalala kitanda kimoja kama abiria waliokaa siti moja ya basi la Dar, wakifika Mbagala kila mtu anashuka na begi lake. Mke akijua matumizi ya nyumba yake kwa kuchungulia ujumbe wa muamala, ndoa hiyo imeshaanza kuvuja, hata kama mume anashinda ndani mchana na usiku. Kushinda ndani siyo kuwepo.

Mkeo hakupiga kelele. Hakuvunja padi ya gemu, hakukutangaza kwa majirani. Alinyamaza siku mbili akifikiri, akamchukua mwanawe, akaenda kuokoa msimu wenu. Unaniuliza anafundishwaje? Mimi sina la kumfundisha mwanamke huyo. Nipo upande wake wazi kabisa.

Fanya hivi. Kesho usifungue duka. Nenda stendi ya Mkanaledi asubuhi upande gari la Newala, ukiwa na hela ya petroli yote na ya kibarua. Kama haitoshi, PS4 ina bei yake mjini, na CD zake zina bei yake. DLC ndiyo haina. Ukifika, bomba ulibebe mwenyewe siku mbili tatu, uone asubuhi ya shambani inavyoanza. Mjomba umwone kabla ya mke, umwamkie, uketi chini, usijitetee kwa pombe usiyokunywa. Atakuuliza hela ilikwenda wapi. Taja kiasi chote mpaka pakiti ya mwisho. Mimi umeniandikia "haikufika laki mbili," na hicho si kiasi. Mkeo anakijua. Aliusoma ule ujumbe.