Kabla hujafungua laptopu, tazama taa ya kadi

Kila mwaka tunapokea vijana wa mafunzo kwa vitendo, wengine kutoka DIT, wengine VETA Chang'ombe, na karibu wote wana ugonjwa mmoja: mashine ikisimama tu, laptopu imeshafunguliwa. Siwalaumu, nami nilianza hivyo hivyo. Lakini wadogo zangu, programu ya PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine) iliyofanya kazi jana mpaka saa nne usiku haikuamka asubuhi ikajibadilisha. Mara nyingi kilichobadilika kiko nje, na habari zake hupitia kwenye kadi ya inputi, ile sehemu ya PLC inayopokea waya za sensa na swichi, ambayo mtu haikumbuki mpaka isumbue.

Kazi ya kadi hii ni ndogo. Inaangalia kila terminali na kujibu swali moja: umeme upo au haupo? Haijui chupa wala mlango. Kwa kadi za volti 24 za DC, ambazo ndizo utakutana nazo zaidi, kiwango cha kimataifa cha PLC, IEC 61131-2, kinataka volti 15 kwenda juu zisomeke kuwa "upo" (kadi za aina ya tatu zinaanzia 11), na volti 5 kushuka chini zisomeke kuwa "haupo". Hapo katikati kadi haijaahidi kitu. Kwa hiyo ukipima ukapata volti 9, usiniambie umeme umefika. Tafuta unapopotelea. Kwa joto na chumvi ya hewa ya Dar, mimi huanza na skrubu za terminali: fungua, utakuta ncha ya waya imeota ukijani na nyuzi nusu zimekatika.

Sasa nikupe kisa kilichonifundisha. Kiwanda kimoja Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado tunaiita Pugu Road, sensa ya konveya, kile kifaa kinachohisi chuma kikiwa mbele yake, ilikufa mchana. (Sensa hii, siyo ile ya 2022 ya kuhesabu watu.) Ikanunuliwa nyingine Kariakoo: umbo lile lile, waya tatu, rangi zile zile, kahawia, bluu na nyeusi. Fundi wa zamu akaifunga. Ukiisogezea spana, taa yake ya njano inawaka vizuri kabisa. Mashine haitembei. Nilipofika usiku, kadi ilikuwa imeshabadilishwa, na jamaa mmoja alikuwa anapekua programu mstari kwa mstari.

Nikamwambia ashike spana mbele ya sensa, mimi nikatazame kadi. Sensa inawaka, taa ya inputi kwenye kadi imezima. Nikapima kati ya terminali ile na volti 0: hakuna kitu. Hapo programu na kadi zote zimeshaachiwa huru, umeme haujafika kabisa. Nikachomoa waya nyeusi kwenye kadi, nikaweka mita kati ya kahawia na nyeusi. Spana ikisogea, mita inaruka hadi karibu 24. Mchezo ukaisha. Sensa za namna hii ziko aina mbili, NPN na PNP: ile ilikuwa NPN, na kadi ilikuwa imefungwa kwa ajili ya PNP.

Tofauti yake ni hii. PNP ikiona chuma inatoa umeme chanya kwenye waya nyeusi kuusukuma kwenye kadi. NPN inafanya kinyume, inaivuta waya nyeusi kwenda kwenye volti 0, kwa hiyo inataka kadi ambayo komoni yake (terminali inayotumiwa na inputi zote za kundi) iko kwenye chanya. Kadi nyingi zinakubali ufunge komoni upande wowote, ila ukigeuza, inputi zote za kundi lile zinageuka nazo. Zile rangi haziwezi kukusaidia, NPN na PNP zinavaa sare moja. Soma maandishi ya ubavuni, hata kwa tochi ya simu. Usiku ule nilifunga rilei ndogo ya volti 24, yaani swichi inayovutwa na umeme: koili kati ya chanya na waya nyeusi, kontakti ikapeleka chanya kwenye kadi. Konveya ikatembea.

Jambo la pili ni kasi. Kadi ina kichujio kinachosubiri kidogo kabla ya kuamini kuwa umeme umekuja kweli, kwa sababu kontakti za swichi hurukaruka zikifungwa. Kwenye S7-1200, PLC ya Siemens, muda huo huja umewekwa milisekunde 6.4. Kwa kitufe ni sawa. Lakini konveya inayokwenda mita 1 kwa sekunde ikipitisha kichwa cha bolti chenye milimita 5, sensa inawaka milisekunde 5 tu, na kadi haikuona kitu. Kijana ataapa kwamba PLC inaruka hesabu. Punguza kichujio, au tumia inputi ya kuhesabia haraka.

Ukikuta inputi za volti 230 za AC zenye waya ndefu zilizolala pamoja na nyaya za mota, jihadhari na umeme wa mzuka. Swichi iko wazi, lakini mita ya dijitali inakuonyesha volti 80 au 90, na wakati mwingine kadi nayo inadanganyika. Tenganisha njia za waya, au weka rilei katikati.

Na kitufe cha kusimamisha mashine kifungwe ili umeme uwepo muda wote na ukatike kinapobonyezwa. Panya akila waya, mashine isimame. Kile cha dharura kina mzunguko wake wa usalama, inputi ya kawaida inaipa PLC taarifa tu.

Ile rilei niliichora kwa kalamu kwenye mchoro ulio ndani ya mlango wa paneli, nikaandika tarehe na namba ya inputi. Msimamizi aliniambia niitoe rilei hiyo pindi sensa ya PNP itakapofika. Ilifika, iko stoo bado kwenye boksi lake, na rilei inaendelea na kazi.