Udongo Ukiwa Mbichi, Piga Magoti Uitazame Sanamu

Sanamu ya bronzi ya Bikira Maria, ya mita tatu, niliyoisubu (kuyeyusha madini na kuyamimina) kwa ajili ya parokia moja alinifunza jambo ambalo natamani ungelijua mapema. Uso wake niliufinyanga nikiwa juu ya ngazi, tukitazamana, na ulipendeza kweli. Tulipomsimamisha juu ya nguzo, waumini waliopiga magoti chini waliona kidevu na matundu ya pua. Macho yake yalipita juu ya vichwa vyao. Niliumia sana.

Kwa hiyo kabla hujagusa kalibu, yaani umbo linalonakili udongo, shuka. Piga magoti pale atakapopiga mama aliyekuja na shida zake, utazame. Siku hizi kichwa nakiinamisha kuliko jicho langu linavyotaka, na kifua nakirefusha kidogo. Donatello, mchongaji wa Italia, alifanya hivyo kule Florence miaka 600 iliyopita: Yohana Mwinjili wake wa marumaru ana kiwiliwili kirefu mno ukimtazama usawa wa macho, lakini ukiwa chini unaona amekaa sawasawa. Mwite na padri atazame wakati huo huo, udongo ungali unasikia kidole.

Baada ya hapo kosa linakuwa ghali. Juu ya udongo unapaka mpira wa silikoni, kisha plasta ya kuushikilia. Ndani ya kalibu hiyo unapaka nta, unene wa milimita 5 au 6, na ndio utakaokuwa unene wa bronzi, maana sanamu kubwa huwa wazi ndani. Husubiwa vipande vipande, halafu vikalehemiwa. Kila kipande cha nta unakiwekea njia za madini kuingia na hewa kutoka, unakichovya kwenye uji wa kauri tabaka kwa tabaka, kisha unakichoma hadi nta yote itoke, libaki ganda la kauri lenye nafasi ya kumiminia bronzi.

Ganda likauke kabisa. Unyevu ukikutana na bronzi ya nyuzi 1,100 za Selsiasi hulipuka, na watu huungua. Asiye na buti, aproni ya ngozi na ngao ya uso hasogelei tanuri langu, hata akiwa ndiye mwenye pesa.

Yule Maria tulimshusha, tukakata nguzo kwa mita moja, tukamwinamisha mbele kwa kabari za chuma. Aliyepiga magoti miguuni pake bado haonwi vizuri. Ila ukisimama mlangoni pa kanisa, macho yenu yanakutana.