Kampuni hazijibu sampuli zangu za animesheni, nakosea wapi?

Swali: Nafanya animesheni na ubunifu wa picha hapa Dar es Salaam, najitegemea. Wateja wangu ni wasanii wa muziki na watu wa harusi. Nimetuma sampuli kwenye barua pepe za kampuni nyingi, zile zinazoanza na info, na hakuna iliyojibu. Nifanyeje?

Jibu: Barua pepe hizo husomwa na mapokezi au huduma kwa wateja, na hao hawana bajeti. Tafuta jina la mkuu wa masoko au wa mawasiliano. Wapo pia wawili ambao wabunifu huwasahau: ofisa mafunzo na ofisa usalama kazini. Kiwanda chenye vibarua wapya kila wiki hurudia maelezo yale yale ya usalama getini, na video ya sekunde 90 inaweza kuifanya kazi hiyo. Bima na taasisi za mikopo nazo zina bidhaa ngumu kueleza kwa maneno matupu. Kampuni kubwa za simu kwa kawaida hufanya kazi na wakala wa matangazo, kwa hiyo huko mwombe wakala akupe vipande vya kazi.

Video ya mwanamuziki, hata iwe nzuri vipi, haimwonyeshi mtu wa bima kwamba unaelewa kazi yake. Chagua sekta moja, utengeneze sampuli ya sekunde 30 kuhusu jambo lao, mfano hatua za kudai fidia ya gari. Maneno yasizidi 60, la sivyo msomaji atakimbiza sauti na picha hazitapata nafasi. Usitumie nembo ya kampuni bila ruhusa. Tuma kiungo, maana faili zito hukataliwa na seva za ofisi.

Angalia na kalenda. Maonyesho ya biashara ya Sabasaba huanza mwishoni mwa Juni, na mabanda huhitaji video za skrini. Andika Machi au Aprili. Juni bajeti imeshagawanywa.

Wengi hukwama wakiwa tayari wamekubaliwa, kwa sababu ya karatasi. Kitengo cha manunuzi kitataka TIN (namba ya mlipakodi), usajili wa jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, leseni ya biashara na akaunti ya benki. Jina liwe lile lile kwenye vyote. Likitofautiana, malipo hulala. Taasisi za umma hununua kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kwa hiyo jisajili kabla hujaona zabuni. Mteja akikata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo yako, dai cheti chake, kwani kiasi hicho hupunguzwa kwenye kodi yako ya mwaka.

Kwenye proforma, yaani ankara ya awali ya bei, taja urefu kwa sekunde, nani analipia sauti, na marekebisho mara 2 tu. Maneno na michoro ya awali visainiwe kabla hujaanza kuchezesha picha. Kubadili sentensi moja baada ya hapo ni kurudia kazi ya siku nzima. Omba asilimia 50 mwanzoni. Wakisema hawalipi kabla, gawa ankara kwa hatua: maneno, michoro, video kamili. Na usianze kwa ahadi ya simu, subiri LPO, yaani hati ya mteja ya kuagiza kazi.