Kabla ya Kukipaka Rangi Kifaru Chako

Wengi wanaoniletea vifaru vyao vya rimoti, yaani mifano midogo ya vifaru vya vita, huja na swali la rangi. Plastiki bado inang'aa kama sahani mpya, mwenyewe ameshanunua makopo matatu na brashi, na anataka kujua kutu na vumbi vinapatikanaje. Namwomba kwanza akiweke kifaru sakafuni, akiendeshe mbele, akirudishe nyuma, kisha akizungushe papo hapo. Mara nyingi hapo ndipo tunaposikia: tak, tak, tak. Jino la gia linaruka. Rangi itangoja.

Kazi hii naifanya jioni na Jumamosi kwenye meza ya jikoni, mtaani Umoja, Nairobi, na vifaru ninavyovishughulikia ni vya kipimo cha 1 kwa 16, yaani urefu wake ni sehemu moja ya 16 ya kifaru halisi. Wewe unayeanza, naomba ushike jambo hili kabla ya mengine yote: ukiimarisha sehemu moja ya kifaru, mzigo hauondoki, unahama. Unakwenda kuikalia sehemu dhaifu inayofuata.

Tiger yangu ya kwanza, mfano wa kifaru kizito cha Wajerumani cha Vita Kuu ya Pili, ndiyo iliyonifundisha. Niliitoa minyororo ya plastiki nikaivalisha ya chuma. Ilipendeza mno, na ule mlio wake juu ya saruji ulinifanya niite majirani. Wiki ya pili gia za plastiki zikanyolewa meno. Nikaagiza giaboksi za chuma, nikazingoja, nikazifunga. Sasa nguvu ilifika kwenye minyororo bila kupotea, ila sakafu ya kifaru, plastiki nyembamba tu, ikaanza kupinda kila nilipokata kona. Vishikizo viwili vya skrubu vikapasuka siku moja. Nikaenda Kamukunji kwa mzee mmoja anayetengeneza masanduku ya bati. Alikipindua kifaru, akaibonyeza sakafu kwa kidole gumba, ikabonyea.

"Kijana wangu," akaniambia, "nyumba umeiezeka vigae, nguzo ni za mabua."

Alinikatia bamba la alumini la milimita 2, akatoboa matundu manne kwa kufuata alama nilizochora. Tangu siku hiyo giaboksi zimekaa juu ya bamba na hazijatikisika. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: sakafu, kisha giaboksi, kisha minyororo. Ikiwa baada ya bamba fedha zinatosha kitu kimoja tu, nunua giaboksi na ubaki na minyororo ya plastiki. Ikipakwa vizuri, mtu aliyesimama hatua mbili hataitambua.

Unapofunga mota, usikisie nafasi kati ya gia ndogo ya mota na gia kubwa inayoisukuma. Kata ukanda wa karatasi ya daftari, upitishe kati ya meno, isukume mota mpaka karatasi ibanwe, kaza skrubu, kisha zungusha gia kwa kidole mpaka karatasi itoke upande wa pili. Ikitoka imekunjamana kama ukili lakini nzima, hapo ni sawa. Ikitoka imetoboka, umebana mno na mota itachemka. Ikitoka imenyooka, meno hayajashikana na zile tak-tak zitarudi. Grisi weka ya kulowesha meno tu. Ikizidi hurushwa hadi kwenye bodi ya umeme, na vumbi hupata mahali pa kushika.

Minyororo nayo ina kipimo chake. Tiger halisi ilikuwa na minyororo iliyolegea kidogo na kulalia magurudumu kwa juu, na huo ndio mwonekano unaoutaka. Mnyororo uliokazwa kama uzi wa gitaa unapinda ekseli. Uliolegea kupita kiasi unachomoka ukikata kona huku unarudi nyuma. Toa pingili moja moja kwa kuchomoa pini, jaribu, rudisha ikibidi. Hakikisha pande zote mbili zina idadi sawa ya pingili, maana nimewahi kumwona mtu akilaumu rimoti wiki nzima kwa kifaru kinachovuta kushoto, kumbe kushoto kulikuwa na pingili moja pungufu.

Kuhusu umeme nitasema machache. Kama bodi yako ni ya volti 7.4, ipe volti 7.4. Najua Luthuli Avenue utapata betri ya seli tatu ya volti 11.1 na muuzaji atakwambia kitakimbia. Kitakimbia kweli, hadi bodi itoe moshi. Na mbio hizo ni za nini? Tiger halisi ilifika karibu kilomita 40 kwa saa barabarani. Gawanya kwa 16 upate kilomita 2.5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea taratibu akiongea na simu. Kifaru kinachokwenda polepole na kuinua pua kidogo kinapoanza kupanda tuta kinavutia kuliko kinachoruka kama panzi. Betri za lithiamu usizichaji ukiwa umelala au umetoka, na seli yoyote isishuke chini ya volti 3.

Kinachofanya vifaru vyetu viruke ni wepesi. Tiger ilikuwa na uzito wa tani 57 hivi. Ukiipunguza mara 16 kwa urefu, upana na kimo, unagawanya uzito kwa 4,096, na jibu ni karibu kilo 14. Kifaru cha plastiki hakifiki hata nusu ya hapo. Si lazima ufike kilo 14, na kwa kweli nakushauri usijaribu. Lakini vile vyuma vidogo vya kubalansia magurudumu ya gari, vinavyobandikwa kwa gundi, vitakusaidia sana. Mafundi wa magurudumu wa Kirinyaga Road huvitupa kila siku. Vibandike chini kabisa, katikati, kushoto na kulia sawasawa, kisha unawe mikono, maana vingi ni vya madini ya risasi, ambayo ni sumu. Na hilo ufanye baada ya bamba la alumini. Sababu umeshaijua.

Sasa tuje kwenye urembo, na hapa ndipo roho yangu ilipo.

Chagua kifaru kimoja, mahali pamoja, mwaka mmoja. Usichanganye. Tiger zilizopigana Tunisia mwanzoni mwa 1943 zilikuwa na magurudumu yenye mpira ukingoni, na nyuma zilibeba mitungi ya kuchujia hewa iitwayo Feifel. Hazikuwa na zimmerit, ule udongo wa mistarimistari waliopaka Wajerumani ili mabomu ya sumaku yasishike kwenye chuma. Huo ulianza baadaye mwaka huohuo wa 1943 na ukaachwa 1944. Magurudumu ya chuma tupu yalikuja 1944. Anayeweka zimmerit kwenye Tiger ya Tunisia amefanya kazi nzuri ya mikono kwenye kifaru ambacho hakikuwahi kuwepo. Ukitaka mfano wa kutazama, picha za Tiger 131 ni nyingi: ilitekwa Tunisia Aprili 1943, na leo iko kwenye jumba la makumbusho la Bovington, Uingereza, bado inatembea.

Vitu vingi vya urembo viko karibu nawe. Kamba ya kuvutia kifaru: waya wa breki ya baiskeli, uchomwe kidogo kwa moto ulegee. Turubai: karatasi ya shashi iliyoloweshwa gundi nyeupe ya mbao na maji, ikunjwe ikiwa mbichi. Mishono ya kulehemu: kijiuzi cha puti, kiguse kwa ncha ya kisu kila baada ya milimita moja. Vishikio vilivyofinyangwa pamoja na mwili wa kifaru vikate, uweke vya waya wa shaba. Kazi hiyo peke yake hukiondolea kifaru sura ya mchezo wa watoto.

Kabla ya rangi, kioshe kwa sabuni na maji vuguvugu, kwani plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu. Ukitumia rangi ya kupuliza ya magari, jaribu kwanza upande wa ndani wa mwili wa kifaru, mahali pasipoonekana, sababu thina kali huila plastiki na kuiacha na malengelenge. Puliza kwa tabaka nyembamba. Julai, Nairobi ikiwa na baridi na ukungu wa asubuhi, mimi sipulizi kabla ya saa sita mchana: unyevu hewani huifanya rangi iwe na weupe kama majivu. Kisha saga kiini cheusi cha penseli ya 6B, ile laini sana, ichukue kwa kidole, upitishe kwenye kingo na kwenye meno ya minyororo. Polepole plastiki inageuka chuma mbele ya macho yako. Nimeifanya mara nyingi na bado hunisimamisha.

Kwa udongo, jihadhari. Udongo mwekundu wa Kikuyu ni mzuri na ni wa bure, lakini si vumbi la Tunisia, ambalo ni la rangi hafifu ya mchanga. Siku nitakapojenga Vickers Mk 3, kifaru cha jeshi letu la Kenya chenye mzinga wa milimita 105, nitaupaka bila wasiwasi. Udongo wowote utakaotumia, uchekeche kwa chujio la chai, kisha kwa soksi ya nailoni. Punje ya milimita 1 kwenye kipimo hiki ni jiwe la milimita 16, na vumbi halina mawe.

Tope halisi ni habari nyingine. Nilipeleka Tiger yangu Embakasi baada ya mvua, kwenye ule udongo mweusi wa pamba. Ilikwenda mita kumi. Udongo ulijaa kati ya magurudumu, ambayo kwenye Tiger yamepandana kama magamba ya samaki, mota zikanguruma, nikazima. Kule Urusi Tiger zenyewe zilipatwa na hilohilo: tope lilijaa katikati ya magurudumu na usiku likaganda kuwa barafu. Langu halikuganda kwa barafu, lilikaukia mle na kuwa gumu kama tofali, na nilipoteza pini tatu nikilichokonoa. Siku hizi nabeba chupa ya maji na mswaki mzee. Nakipindua kifaru palepale uwanjani, betri nje, naliosha tope likiwa bichi kuanzia gurudumu la mbele, na sikiwashi tena mpaka kila gurudumu lizunguke kwa kusukumwa na kidole kimoja.