Timu ya roketi inakula muda, lakini jiunge

Umeuliza kama timu ya roketi ya chuo itakushusha alama. Muda itakula kweli, hasa wiki za kujaribu injini. Jiunge tu! Darasani unakokotoa kitovu cha uzito (pale roketi inapojisawazisha) na kitovu cha msukumo wa hewa (pale nguvu ya hewa inapoisukuma), basi. Karakanani unaongeza uzito kidogo mkiani, roketi inarushwa, inayumba, na hapo unaelewa kwa nini kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya kile cha msukumo wa hewa. Wanafunzi wa University of Southern California walifeli mara kadhaa kabla roketi yao, Traveler IV, haijavuka, kwa makadirio yao, kilomita 100, unapohesabiwa mpaka wa anga za juu, mwaka 2019. Ukiingia, omba kazi ya parachuti. Wengi hukimbilia injini, ilhali parachuti isipofunguka hata vifaa vilivyorekodi safari huvunjika.